Stelingi Hafi, Lakini Je, Anakumbuka?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nyumbani kuna ubishi usiokwisha. Mjomba wangu anasema tamthilia bora ya sayansi ya kubuni ya miaka ya 1990 ni The X-Files, na hataki kusikia jina lingine. Kaka yangu ni mtu wa Babylon 5. Mimi nasimama na Star Trek: Voyager, kwa sababu ya Kapteni Janeway. Kila mmoja anadai wenzake hawajui kutazama, na tumekubaliana uamue wewe. Halafu la pili: kaka anasema Deep Space Nine iliibwa kutoka Babylon 5. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi ya hakimu haina shukrani, basi niwaudhi wote watatu kwa mpigo: ninayoichagua ni hiyohiyo ambayo kaka yako anaiita mali ya wizi, yaani Star Trek: Deep Space Nine. Hata hivyo mjomba wako na kaka yako wana hoja nzito kuliko wanavyodhani, na wewe umeshika tamthilia iliyoanza na wazo zuri kuliko zote kisha ikaliacha likadondoka.

Kwanza mipaka, maana nusu ya ubishi wa namna hii hutokana na watu kutokubaliana ipi ni ya miaka hiyo na ipi siyo. Kanuni yangu ni kwamba zaidi ya nusu ya episodi ziwe zimerushwa kati ya Januari 1990 na Desemba 1999. Kwa kanuni hiyo Star Trek: The Next Generation inaingia ingawa ilianza 1987. Stargate SG-1 ya 1997 na Farscape ya 1999 zinatoka. Hizo zilikua muongo uliofuata. Doctor Who haimo kabisa: ilisimama Desemba 1989, ikachungulia kwa filamu moja ya televisheni mwaka 1996, kisha kimya hadi 2005. Quantum Leap inaingia, nami naipenda, ila sijaisamehe kwa kuaga mwaka 1993 kwa maandishi kwenye skrini kwamba shujaa wake hakurudi nyumbani kamwe, huku jina la ukoo la shujaa huyohuyo wamelikosea herufi.

Sasa kipimo, maana bila kipimo mtabishana mpaka mkeshe. Kila aliyekulia kwenye filamu za mapigano anaijua sheria: stelingi hafi. Televisheni ya Marekani ilikuwa na sheria ya pili ambayo haikusemwa: stelingi hakumbuki. Wiki hii anampoteza mchumba, anapigwa risasi ya bega, anashuhudia sayari nzima ikiteketea. Wiki ijayo yuko kwenye kiti chake, bega zima, anatania. Haukuwa uvivu wa waandishi, ilikuwa biashara. Tamthilia nyingi za aina hii ziliuzwa kwa vituo vya televisheni kimoja kimoja, na faida kubwa ilikuja baadaye, episodi zilipokaribia mia na kuuzwa upya kama furushi la kurushwa kila siku. Kituo kilichonunua furushi kiliweza kulirusha kwa mpangilio wowote, kikaruka hii na kurudia ile. Mtazamaji aliyekosa wiki moja hakuwa na pa kuipata. Kwa hiyo kila episodi ilipaswa kufunguliwa na kufungwa yenyewe, na mwishoni kila kitu kirudi mahali pake kama vyombo kabatini.

Hilo la kukosa nalijua kwa uchungu. Nilingoja wiki kadhaa kupata kanda ya pili ya ile hadithi ya sehemu mbili ya The Next Generation ambamo Kapteni Picard anatekwa na Borg, viumbe nusu mashine, na kugeuzwa mmoja wao. Nilipoipata, dakika ishirini za mwisho zilikuwa zimerekodiwa mechi ya mpira juu yake. Nilimalizia kwa kusimuliwa.

Kwa hiyo ninapopima tamthilia za miaka hiyo nauliza jambo moja: kilichotokea wiki iliyopita kinamgharimu nani wiki hii? Huo ndio muongo ambao tamthilia hizi zilijifunza kukumbuka, na ubishi wenu, mkijua msijue, ni ubishi wa nani alijifunza vizuri.

Dalili ya mapema ilionekana kwa Picard mwenyewe. Baada ya kuokolewa, mwaka 1990, episodi iliyofuata inaitwa "Family", na haina vita wala adui. Kapteni anakwenda Ufaransa kwenye shamba la mizabibu la kaka yake. Wanagombana, wanapigana kwenye matope kama watoto, wanaangua kicheko, na katikati ya kicheko Picard analia: alitumiwa kuua watu wake na hakuwa na nguvu ya kuzuia. Ni episodi pekee ya tamthilia hiyo ambayo haina tukio hata moja kwenye chumba cha uongozi wa chombo. Aliyeiandika ni Ronald D. Moore, shika jina hilo. Mwaka 1992 wakatoa "The Inner Light", ambamo Picard anaishi maisha mazima ya mtu mwingine, anaoa, anazaa, anazeeka, yote kwa dakika 25 akiwa amelala sakafuni. Anaamka na kupewa filimbi, na vidole vyake vinajua kuipiga. Ilipata Hugo, tuzo ya kazi za sayansi ya kubuni, mwaka 1993, na kwa haki. Lakini wiki iliyofuata ilikuwa kazi kama kawaida. Filimbi ilirudi baadaye mara moja moja. Yule mtu aliyezika mke na kuacha wajukuu hakurudi.

Tuje kwako. Voyager ilianza Januari 1995 na wazo la kumtoa mwandishi yeyote udenda: chombo kimoja kinatupwa upande wa mbali wa galaksi, safari ya kurudi ni miaka 75, na ndani yake kuna watu wa aina mbili, maofisa wa Starfleet, kikosi rasmi cha vyombo vya anga, na waasi wa Maquis waliokuwa wakiwindwa nao. Akiba ni ndogo na bandari ya kwao hakuna. Kate Mulgrew kama Janeway ndiye mwanamke wa kwanza kuibeba tamthilia ya Star Trek akiwa kapteni wake, na hoja yako juu yake siipingi hata kidogo. Sauti ile peke yake ingetosha kuendesha chombo. Lakini tazama kinachomzunguka. Waasi walivaa sare mapema kabisa na uhasama ukayeyuka. Mwanzoni tuliambiwa kuna makombora 38 na hakuna namna ya kupata mengine. Mashabiki wakaanza kuhesabu, hesabu ikapita 38, na chombo kikaendelea kurusha kama kina ghala.

Kisha ikaja Novemba 1997 na "Year of Hell", sehemu mbili. Chombo kinavunjwa siku baada ya siku, Tuvok, ofisa wa usalama, anapofuka, Janeway anaungua usoni akitembea kwenye korido zilizojaa vifusi. Nikajisemea, sasa wameamka. Dakika za mwisho Janeway anakigongesha chombo chake kwenye meli ya adui anayechezea wakati, wakati unarudi nyuma, na wote wako wazima, wasafi, hawakumbuki lolote. Mwaka mzima wa mateso ukafutwa kama kanda yangu ya Picard.

Na uwezo walikuwa nao, hilo ndilo linaloniuma. Tazama "Living Witness" ya 1998: makumbusho ya sayari moja, miaka 700 baadaye, yanamwonyesha Janeway kama muuaji mwenye glavu nyeusi, na nakala ya Daktari wa chombo, ambaye ni programu ya kompyuta, inaamshwa kutoka kwenye mabaki kutoa ushahidi wa kilichotokea kweli. Ni hadithi kali kuhusu jinsi watu wanavyoandika historia ya waliowachukia. Moore alijiunga na Voyager mwishoni mwa muongo, hakukaa, akaondoka. Ukitazama Battlestar Galactica aliyoianza upya mwaka 2003, ambamo idadi ya watu waliobaki hai imeandikwa kwenye ubao na inapungua, utaona Voyager ambayo hamkupewa.

Mjomba naye apewe heshima yake. Kwa umaarufu hana mpinzani. The X-Files ya Chris Carter, hadithi ya wapelelezi wawili wa FBI, Mulder na Scully, wanaochunguza mambo yasiyoelezeka, ilianza Septemba 1993, Ijumaa usiku, na kufikia Januari 1997 episodi iliyorushwa mara baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ilitazamwa na watu wapatao milioni 29. Misimu mitano ya kwanza ilipigwa Vancouver, na ule ukungu, misitu inayodondosha maji na kurunzi mbili gizani ni nusu ya hadithi. Ilipohamia Los Angeles mwaka 1998, jua liliingia na kitu fulani kikatoka.

Lakini hebu muulize mjomba ni episodi zipi anazozikumbuka mpaka leo. Naapa hataanza na njama za serikali. Ataanza na Tooms, yule anayejinyoosha na kupenya kwenye tundu la hewa ambalo hata paka angelifikiria mara mbili, anakula maini ya watu kisha analala miaka 30. Mimi ningetaja "Clyde Bruckman's Final Repose" ya Oktoba 1995. Peter Boyle ni muuza bima mzee mwenye kipawa kimoja tu: akimtazama mtu anajua atakavyokufa. Kipawa hicho kimemkausha. Hana furaha, hana haraka, hana hata nguvu ya kuogopa. Scully, daktari asiyeamini mambo hayo, anajikaza weee mpaka anashindwa, anamuuliza: haya, na mimi nitakufaje? Mzee anamwangalia kwa upole na kumjibu kwamba hafi. Stelingi hafi, na safari hii anayesema ni mtu aliyemo ndani ya hadithi, tena si kwa kutania. Baadaye Scully anamkuta mzee kitandani, amejiua, anakaa pembeni na kumshika mkono. Mwaka 1996 Boyle na mwandishi Darin Morgan walipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, kila mmoja kwa kazi hiyo. Morgan huyohuyo ndiye aliyevalishwa vazi la mpira la jitu-mnyoo wa kwenye maji machafu katika episodi ya 1994, kama mjomba anataka kitu cha kutambia.

Sasa ona tatizo. Hizo zote ni episodi za kufungua na kufunga, za mtindo wa zamani. The X-Files ilipojaribu kukumbuka, kwenye ile hadithi ndefu ya dada wa Mulder aliyetoweka, mafuta meusi, nyuki na wazee wanaovuta sigara kwenye vyumba vya giza, ndipo ilipoumia. Ahadi ni deni, na fumbo ni ahadi kwa mtazamaji. Hapa deni lilikuwa likilipwa kwa kukopa kwingine, kila jibu likija na mafumbo mawili mgongoni. Mwaka 1999 wale wazee waliteketezwa karibu wote kwa mkupuo. Mwaka 2000 tukaambiwa hatima ya dada, nami nilikaa mbele ya skrini nikijiuliza kama hicho ndicho tulichokingoja miaka saba. Msimu wa pili hadi wa tano, mjomba atambe apendavyo. Zaidi ya hapo ni mapenzi tu, na mapenzi sina mamlaka nayo.

Aliyekaribia ni kaka yako. Babylon 5, hadithi ya kituo cha anga cha mabalozi, ni kazi ya mkono mmoja kuliko tamthilia yoyote ya ukubwa ule ninayoijua: J. Michael Straczynski aliandika episodi 92 kati ya 110, zikiwemo zote za msimu wa tatu na wa nne. Alikuja na hadithi ya miaka mitano yenye mwanzo, katikati na mwisho, kama riwaya, katika soko lililotaka mafurushi. Alijua pia kwamba televisheni ni nyumba ya kupanga na mwigizaji anaweza kuhama wakati wowote, kwa hiyo kila mhusika alimwekea mlango wa dharura ndani ya hadithi. Mlango wa kwanza ulihitajika mapema: Michael O'Hare, kamanda wa msimu wa kwanza, aliondoka kwa sababu ya maradhi ya akili, jambo ambalo Straczynski alilitunza kama siri hadi baada ya O'Hare kufariki mwaka 2012.

Fedha hazikuwepo. Vyombo vyake vya anga vilichorwa kwa kompyuta wakati Star Trek bado inapiga picha mifano iliyoundwa kwa mikono, na mwanzoni zilitumika Amiga, kompyuta za mezani ambazo watoto walichezea michezo. Leo michoro ile imezeeka, siwafichi. Na katika msimu wa kwanza kuna waigizaji wanaozungumza kana kwamba wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi.

Vumilieni kwa ajili ya watu wawili. Londo Mollari ni balozi wa himaya iliyochoka, mlevi, mcheshi, anayekumbuka enzi. G'Kar ni balozi wa Wanarn, taifa ambalo himaya hiyo ililitawala. Mgeni mmoja mpole anamuuliza Londo: unataka nini? Londo anajibu kwa moyo wote kwamba anataka watu wake warudi kuwa kama zamani, waogopwe. Anapewa. Mwaka 1995, kwenye "The Long, Twilight Struggle", anasimama kwenye dirisha la chombo akitazama sayari ya G'Kar ikipondwa kwa mawe ya angani, hasemi neno, na mawe yale yanapita kwenye kioo juu ya uso wake. Miezi michache baadaye wawili hao wananaswa kwenye lifti baada ya mlipuko. Londo anataka wasaidiane kutoka. G'Kar anakataa. Akimuua Londo, Wanarn 500 watauawa kulipa kisasi. Lakini akikaa tu, wote wawili watakufa na hakuna wa kulaumiwa. Anaegemea ukuta na kucheka. Mtu aliyewasha televisheni wiki hiyo kwa mara ya kwanza hawezi kukielewa kicheko kile, na hapo ndipo sheria ya furushi ilipovunjika.

Mbona basi haishindi? Kwa sababu ramani ilimzidi msafiri. Straczynski alipoona mtandao uliokuwa ukimrusha unakufa, alibana vita viwili vikubwa ndani ya msimu wa nne na kurekodi kabisa episodi ya kuagana. Kisha chaneli ya TNT ikamwokoa kwa msimu wa tano, akabaki na mwaka mzima wa kujaza baada ya kilele kupita. Pia mtu mmoja akiandika karibu kila kitu, wahusika huanza kuazimana hotuba. Londo na G'Kar waliponea. Wengine mara nyingi wanazungumza ili mpango usonge mbele.

Deep Space Nine haikuwa na ramani. Ilikuwa na mahali. Wazo lake linaonekana dogo ukilisema: badala ya chombo kinachosafiri, kituo cha anga kilichosimama kando ya Bajor, sayari iliyotoka juzi tu kwenye miaka 50 ya kukaliwa na Wakardasia. Lakini fikiria maana yake. Picard akiharibu mambo kwenye sayari fulani, chombo kinaondoka. Kwenye kituo unaamka kesho na kukuta uliyemkosea anafungua duka mbele yako. Kumbukumbu haikuhitaji mpango wa miaka mitano, ilikuwa kwenye anwani.

Nayo iliuzwa kwa vituo kimoja kimoja, furushi lilelile, kuanzia Januari 1993 hadi Juni 1999, episodi 176. Wakubwa walitaka hadithi zifungwe. Ira Steven Behr, kiongozi wa waandishi wake, na wenzake waliendelea kuziacha wazi. Ilisaidia kwamba kuanzia 1995 macho ya studio yalikuwa kwa Voyager, iliyobeba uzinduzi wa mtandao mpya wa UPN. Mtoto asiyetazamwa sana hucheza mbali na uwanja. Moore alikuwa miongoni mwa waandishi hao. Mbele ya kamera alikuwa Avery Brooks kama Sisko, mkuu wa kituo, mjane anayelea mwana, na Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa mhusika mkuu wa tamthilia ya Star Trek.

Kama mna jioni moja tu, tazameni "Duet", iliyorushwa Juni 1993. Ilitengenezwa kubana matumizi: kikubwa ni watu wawili, chumba na mlango wa mahabusu. Mkardasia mmoja anafika kituoni akiwa na ugonjwa ambao unaweza kupatikana mahali pamoja tu, kwenye ajali ya mgodi wa kambi ya kazi ya Gallitep. Kira, ofisa Mbajori wa kituo aliyekuwa mpiganaji wa msituni, anamfunga. Mtu yule anadai ni karani tu, Marritza. Halafu anabadilika, anajigamba kwamba yeye ndiye mkuu wa kambi, mchinjaji mwenyewe, na anasimulia mauaji kwa raha ya mtu anayesimulia mlo. Harris Yulin anaigiza hivi kwamba unataka Kira amnyonge. Kisha ushahidi unakuja taratibu: mkuu wa kambi hakuwepo siku ya ajali, hawezi kuwa na ugonjwa ule, na ameshakufa. Huyu kweli ni karani. Usiku alikuwa akiziba masikio asisikie mayowe. Amejibadili sura ili ahukumiwe na kunyongwa kwa jina la bosi wake, watu wake walazimike kukiri walichofanya. Anapoanguka analia, Kira anamfungulia. Wanatembea pamoja sokoni kituoni, na Mbajori mmoja anatokea, anamchoma kisu. Kira anamuuliza kwa nini. Jamaa anasema kwa sababu ni Mkardasia, inatosha. Kira, ambaye mwanzo wa episodi angesema hivyohivyo, anasema haitoshi.

Huo ni msimu wa kwanza tu, ambao wengi wanauruka. Miaka mitano baadaye Kira yuleyule anapokaa meza moja na Wakardasia, karani yule yumo machoni mwake hata asipotajwa.

Ya pili ni "In the Pale Moonlight" ya Aprili 1998. Sisko anazungumza na kamera, anarekodi kumbukumbu zake binafsi, na kadiri anavyoungama anavua sare kipande kwa kipande. Vita vinawashinda. Anahitaji Waromulani waingie upande wake, kwa hiyo pamoja na Garak, fundi cherehani ambaye zamani alikuwa jasusi, anamtumia mhalifu mmoja kughushi ushahidi. Seneta wa Romulani anaugundua uongo. Garak analipua chombo cha seneta, na mabaki ya mlipuko yanafanya ule uongo uaminike. Sisko anamvamia kwa ngumi. Garak, mdomo unavuja damu, anampigia hesabu: maisha ya seneta mmoja, ya mhalifu mmoja, na heshima ya ofisa mmoja wa Starfleet mbele ya nafsi yake. Rahisi, anasema, kwa kuokoa robo ya galaksi. Sisko anamalizia kwa kuiambia kamera kwamba anaweza kuishi na hilo, anarudia tena kama mtu anayejishawishi, kisha anaamuru kompyuta ifute rekodi yote. Ona walivyoigeuza ile sheria ya zamani: tamthilia inasahau, lakini safari hii aliyefuta ni mhusika mwenyewe, nasi tumeshaona.

Ina uchafu wake. Episodi ya Quark, mwenye baa wa kituo, kuvalishwa sketi msituonyeshe tena. Hadithi ya Manabii, miungu ya Wabajori, na mashetani mekundu mwishoni inapwaya, na Dukat, adui Mkardasia aliyejengwa kwa miaka, anaishia kama wa katuni. Picha nayo haijasafishwa kwa ubora wa juu kama ya The Next Generation, kwa hiyo kwenye skrini kubwa itakuwa na ukungu kidogo. Hata hivyo, nikihesabu waliobadilika kweli kati ya siku ya kwanza na ya mwisho, Kira, kijana Nog, Garak, Sisko, Odo mkuu wa usalama wa kituo, hakuna tamthilia ya muongo ule inayofika karibu.

Msije mkaniambia nimewasahau Wajapani. Neon Genesis Evangelion, episodi 26 kati ya Oktoba 1995 na Machi 1996, ilichukua hadithi ya mvulana anayeendesha roboti kubwa na kuuliza swali lilelile la gharama, kwa ukatili ambao Wamarekani hawakuthubutu. Mbili za mwisho zinafanyika karibu zote ndani ya kichwa chake. Cowboy Bebop ya 1998 nayo ni ya watu wanaojifanya wamesahau. Mngeniuliza kuhusu dunia nzima bila kutaja majina, kaka yako angekuwa na kesi ngumu zaidi.

Sasa la wizi. Kweli ni kwamba Straczynski aliipeleka Babylon 5 kwa Paramount, studio ya Star Trek, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaikataa, na Warner Bros. wakaichukua. Kweli pia kwamba Deep Space Nine ilianza kurushwa Januari 1993, na filamu ya utangulizi ya Babylon 5 ikafuata Februari. Vituo viwili vya anga, namba kwenye majina yote mawili, huku Dukat na kule Dukhat. Nisingemlaumu mtu kwa kunusa kitu. Lakini Straczynski mwenyewe alisema haamini kwamba Rick Berman na Michael Piller, waanzilishi wa Deep Space Nine, waliiba kwa kujua. Alichoshuku ni mkono wa wakubwa wa studio kuwaelekeza. Hakufungua kesi. Kwa maoni yangu kufikia mwaka wa tatu kila moja ilikuwa imeshika njia yake, na hizo episodi nilizowatajia hazingeweza kuandikwa upande wa pili.

Mashabiki, wao, walitukanana miaka yote. Februari 1996 Majel Barrett, mjane wa Gene Roddenberry aliyeianzisha Star Trek, aliingia kwenye kituo cha mahasimu, ndani ya Babylon 5, akiigiza mjane wa mfalme mwenye kipawa cha kuona yajayo, akakaa na Londo kumtabiria. Miezi miwili baadaye alikuwa Deep Space Nine, akiolewa na Odo. Mwonyeshe kaka yako zote mbili usiku mmoja: "Point of No Return" kwanza, kisha "The Muse".